Raymundi Keshafika kwenye Minyaa

Ndoo ya tatu ya maji iliingia kwenye shimo nyuma ya jiko, ikapotea. Tekla aliinama, akatega sikio. Chini huko, mbali kidogo, kitu kilipiga chafya.

"Angalau wamelowa," akajisemea, akaenda kuteka nyingine.

Ilikuwa Desemba, mvua za kwanza zimeshalainisha ardhi, na kijiji kizima cha Ilalwe kilikuwa shambani kikipanda karanga. Ilalwe iko kando ya njia ya zamani ya misafara, ile iliyotoka pwani ikapita Tabora kuelekea Ujiji. Siku hizi wasafiri wanapita kwa treni ya Kigoma, upande wa pili wa kijiji, na katikati ya njia hizo mbili wanaishi kindi wa ardhini, wale wenye mstari mweupe ubavuni. Hao hawana habari na miti. Kazi yao kuchimba. Mwaka ule walihamia kwa Tekla ukoo mzima: chini ya jiko, chini ya banda la kuku, chini ya choo, mpaka kizingiti cha mlango wa mbele kikaanza kuinama kama mzee anayesinzia kanisani. Karanga alizopanda uani asubuhi walizifukua jioni. Alishapanda mara mbili. Mbegu iliyobaki ilikuwa kwenye kapu moja darini, na hiyo ikiisha basi, mwaka huo hana karanga.

Si kwamba alikaa akiwatazama. Alifyeka nyasi kuzunguka nyumba yote ili wasipate pa kujificha. Wakashukuru kwa kuota jua. Aliziba mashimo kwa mawe, wakatokea pembeni ya mawe. Akaziba kwa miiba, wakaichukua miiba wakajengea milango. Akawasha moshi wa pilipili kichaa mdomoni mwa shimo. Moshi uliingia huko, ukazunguka, ukatokea chumbani kwake chini ya kitanda, akalia yeye. Akaazima paka kwa Zamda, jirani yake mwenye duka. Paka aliingia shimoni asubuhi, akashinda humo, jioni akatoka amenenepa na ananuka karanga.

Mwishowe bwana shamba alipita na pikipiki yake, akatazama kizingiti, akatikisa kichwa.

"Hapo mama yangu ni dawa tu," akasema, akamwachia pakiti ya sumu kutoka duka la pembejeo.

Kwa hiyo jioni ile Tekla alipiga magoti mbele ya shimo kubwa, pakiti mkononi, pumba za chambo kwenye sahani. Hakupenda kuua. Lakini hasira ilikuwa imemfika hapa, kooni, na kabla hajaimwaga ile sumu alitaka kwanza aseme neno. Neno lililomtoka halikuwa lake. Lilikuwa la marehemu mumewe, Raymundi.

"Tokeni huko, watumwa wangu!" akapaza sauti shimoni. "Babu yangu aliwanunua kwa kibaba cha chumvi, na chenji akarudishiwa!"

Hapo inabidi tusimame kidogo. Raymundi, uhai wake wote, alikuwa na mtani wake, Mzaramo mmoja aliyeuza tiketi stesheni, na hayo ndiyo yalikuwa maamkizi yao. Walitukanana mpaka abiria wakaachwa na treni. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za wapagazi, na mtani ana kazi yake maalumu. Ukifa, ndiye anayekuchimbia kaburi. Ndiye anayelala njiani jeneza lisipite mpaka apewe kitu. Ndiye anayewaigiza wafiwa, na kusema mbele za watu yale ambayo kila mtu anayajua na hakuna anayethubutu kuyataja. Na hakasirikiwi, akisema lolote. Lakini Mzaramo yule alihamishiwa pwani, na Aprili iliyopita Raymundi alipofariki, alizikwa bila mtani. Msiba ukawa mkavu. Watu walilia vizuri, kwa utaratibu, wakaimba, wakala wali, wakaondoka, na hakuna aliyecheka hata mara moja. Raymundi asingeupenda msiba ule.

Basi Tekla alipotupa lile neno shimoni, udongo ukachezacheza mdomoni mwa shimo. Kisha akatoka kindi mmoja wa makamo, mstari wake wa ubavuni umefifia, maji yanamdondoka mkiani. Akajikung'uta. Akasimama kwa miguu miwili, mikono ameikunja juu ya tumbo.

"Chumvi ipi?" akauliza. "Babu yako alipita hapa kabeba pembe za bwana mwingine, shingo imezama mabegani. Akamwomba babu yangu maji, na kikombe akaondoka nacho. Sasa mtumwa nani hapo?"

Tekla akafunga pakiti ya sumu, akaiweka pembeni. Kosa lilikuwa limeshafanyika. Utani ukiutupa ukapita hewani, haujawa kitu. Ukijibiwa, umefungwa, na mtani hapewi sumu. Hata mtoto wa Kinyamwezi anayejifunza kusimama analijua hilo.

"Mwizi wa karanga mkubwa wee," akasema, na ndipo alipogundua kuwa anatabasamu.

"Mchoyo mkubwa wee," kindi akajibu. "Naitwa Kirangozi. Natangulia mbele ya msafara. Leta hiyo pumba, ila isiwe na dawa."

Walielewana jioni ile ile, palepale jikoni. Tekla angepanda mbegu mbili kila shimo, moja ya nyumba na moja ya mtani, na ya mtani wangeichukua wenyewe asihangaike kuwapelekea. Akapanda kapu lote. Kindi walichukua moja katika kila shimo, hawakukosea hata mahali pamoja, na walipokuwa wakichukua walilainisha udongo. Karanga za Tekla ziliota zimesimama kama wanafunzi mstarini. Kizingiti nacho walikishindilia kutoka chini mpaka kikanyooka, ingawa walikisimamisha juu kuliko zamani, kwa makusudi, na kila mgeni aliyeingia alijikwaa, na kindi wakasikika wakicheka chini ya sakafu.

Habari haikukaa. Zamda alikwenda kuwatania panya wa stoo yake kwa matusi yote aliyoyajua. Panya hawakujibu. Panya hawana utani na mtu.

"Una bahati shoga yangu," akamwambia Tekla. "Mie wangu wanakula tu."

Sasa, kulikuwa na jambo, na jambo lenyewe lilikuwa wigo.

Raymundi alizikwa katika shamba la kichuguu, ardhi nyekundu iliyonona kuliko zote Ilalwe, aliyolima na Tekla tangu waoane. Hawakujaliwa mtoto, walijaliwa shamba lile na maongezi. Siku ya maziko, wigo wa minyaa ulikuwa ng'ambo ya kaburi, mbali kabisa, ukitenganisha shamba lao na la Emilian, mdogo wake Raymundi. Kesho yake wigo ulikuwa huku, karibu na jiko la Tekla, na shamba la kichuguu, na kaburi ndani yake, vikawa upande wa Emilian.

Minyaa ina utomvu mweupe, ukikuingia machoni utakoma. Asubuhi ile Emilian aliamka macho yamevimba, mekundu kama nyanya, yanachuruzika, na watu wakasema hakuna aliyempenda Raymundi kama mdogo wake. Wakampa pole kuliko mjane. Hakuna mtu Ilalwe ambaye hajawahi kukata mnyaa. Kila mmoja aliyajua macho yale ni ya nini. Wakanyamaza, kwa sababu wa kusema hayo alikuwa mtani, na mtani hakuwepo.

Wala usidhani Emilian alikuwa mtu wa nuksi. Alikuwa mcheshi, anaimba besi kwaya ya kigango, na akikukuta njiani na mzigo anakupakia kwenye pikipiki. Tekla alipotaka kwenda kaburini alisimama kwenye minyaa akapiga hodi, na Emilian akaitika kwa furaha ya kweli.

"Karibu shemeji! Wakati wowote. We piga hodi tu."

Tabu ilikuwa hapo. Tekla na Raymundi walikuwa na desturi ya kukaa jioni wakipeana habari za siku, nani kapita, nani kanuna, kuku gani anatagia kwa jirani. Baada ya kifo Tekla aliendelea, akikaa kando ya kaburi. Ila sasa alizitoa habari zake Emilian akiwa amesimama pale pale kwa adabu, anasikiliza, na wakati mwingine anachangia. Shamba lilimuuma Tekla, asikudanganye mtu. Ardhi kama ile hupati tena. Lakini kutaka kumwambia mumewe neno la ndani na kulazimika kuzungumzia kuku, hilo ndilo lililomuuma zaidi. Mwaka mzima alikuwa na neno moja hajalisema.

Alikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Mwenyekiti akamkaribisha kiti, akakuna kidevu.

"Tungoje mwaka utimie, siku ya kuweka msalaba kaburini," akasema. "Ukoo wote utakuwepo. Litazungumzwa."

Juma moja kabla ya siku hiyo, Emilian alipitia jikoni kwa Tekla, akajikwaa kwenye kizingiti, akacheka, akakaa.

"Shemeji, nikishaweka msalaba nitazungushia waya pale. Mbuzi wamezidi. Nitatia na kufuli."

"Na ufunguo?"

"Utakuwa kwangu. Nikienda Kaliua kwenye biashara utasubiri kidogo, nikirudi nakufungulia."

Emilian akienda Kaliua hukaa wiki tatu, nne. Tekla akavuta ungo karibu. Aliendelea kuchambua karanga, maganda akayatupa kwenye punje na punje kwenye maganda. Chini ya sakafu hakukusikika kicheko.

Siku ya msalaba ilikuwa Jumamosi baada ya Pasaka. Ukoo ulijaa, wengine wametoka Bukene, wengine Tabora mjini. Mbuzi alichinjwa, na sufuria za kisamvu cha karanga zikapangwa. Katekista Fikiri alivaa joho lake jeupe akashika kitabu cha sala. Msalaba wa mninga ulibebwa na vijana wanne, jina la Raymundi limechongwa vizuri, na msafara ukaanza kutoka nyumbani kuelekea kwenye minyaa.

Njiani palikuwa na kindi amelala chali, mikono kifuani, amekufa.

Msafara ukasimama. Nyuma yake alilala mwingine, na mwingine, njia nzima mpaka kwenye wigo, wote chali, wote wamekufa vizuri.

"Watani hao," mama mmoja wa Bukene akasema, akashusha kikapu chake, kwa kuwa alijua itachukua muda.

Katekista Fikiri akainama. "Ni wa dini gani?" akamuuliza Tekla.

"Wengine wamebatizwa," Kirangozi akajibu bila kufumbua macho. "Mimi bado nafikiria."

Katekista akaridhika, akafunga kitabu chake kidole kikiwa ndani.

Ndipo kindi wakafufuka. Mmoja alipanda bega la katekista akavaa kitambaa chake cha jasho shingoni kama stola ya padri. Wengine walikwenda kwenye viti vya wakubwa wakakaa, mguu juu ya mguu, wakaagiza chai. Wakubwa wakasimama kando bila kinyongo. Kisha Kirangozi akapiga mkia chini mara moja, na akatokea kindi mdogo, mnene, amelaza shavu begani kama mtu anayeongea na simu. Alitembea hivi, kifua mbele, akiimba besi. Watu wakaanza kuguna. Kila mtu aliijua ile besi.

Yule kindi akafika kwenye wigo wa minyaa. Akatazama kushoto. Akatazama kulia. Akavua viatu, akavishika mkononi. Akang'oa kijiti cha mnyaa, akanyata nacho, akakipanda. Akarudi, akang'oa kingine, akanyata. Akajifuta jasho. Akajipangusa macho kwa mkono ule ule wenye utomvu, akaruka juu kama aliyekanyaga kaa la moto, kisha akajitupa chini akigaragara.

"Kakaangu!" akalia. "Uwiii, kakaangu nilivyokupenda! Nimekupenda mpaka kwenye mpaka!"

Jamani, watu walicheka. Mama wa Bukene alikaa chini. Vijana waliobeba msalaba waliulaza kwenye nyasi wakashikana. Mwenyekiti wa kitongoji alijifunika uso kwa kofia, mabega yakawa yanacheza. Na aliyecheka kuliko wote alikuwa Emilian mwenyewe, machozi yanamtoka, anapiga mapaja, anasema, "Hawa washenzi hawa! Hawa washenzi!" Maana ukikasirikia utani umekwisha, umeaibika wewe na ukoo wako. Akaagiza beseni la karanga kwake liletwe, akawapa watani ili njia ifunguke.

Tekla alicheka mpaka khanga ikamdondoka begani. Kicheko kilimtoka kutoka chini kabisa, mahali ambapo mwaka mzima palikuwa na jiwe, na kilipotoka alisikia wepesi kama mtu aliyetua mtungi. Akamtazama Emilian, akaona naye anamtazama, na wote wawili wakaendelea kucheka. Akafikiri: sasa limesemwa.

Ndiyo, lilisemwa. Msalaba ukasimikwa, katekista akanyunyiza maji ya baraka, watu wakala kisamvu. Baada ya kula, Tekla alimwendea mwenyekiti.

"Umeona, mwenyekiti. Na wote wameona."

"Nimeona," mwenyekiti akasema, bado anajifuta macho. "Wale wamenifurahisha sana. Lakini mama, utani ni utani, na ardhi ni ardhi. Baraza haliwezi kuandika kwamba kindi kasema."

Jumatatu Emilian akazungusha waya. Jumanne akatia kufuli. Jumatano akaenda Kaliua.

Jioni hiyo Tekla alikaa jikoni peke yake, na ugali ukapoa. Kirangozi alitoka shimoni, akakaa upande wa pili wa mafiga, akaanza kumenya karanga ya mtani.

"Kuna kazi hatukuifanya," akasema.

"Ipi tena? Kiti cha katekista mmekikalia, chai mmekunywa."

"Kaburi la mtani huchimbwa na mtani. La Raymundi lilichimbwa na ndugu zake. Halijakaa sawa." Akatafuna. "Wewe ungemtaka wapi?"

Tekla alifikiri, kama mtu aliyeulizwa kabati liwekwe upande gani.

"Hapo nyuma ya jiko," akasema. "Kwenye mpapai. Jioni pana upepo."

"Haya," Kirangozi akasema. "Ongeza karanga, safari si fupi."

Wakaanza kesho yake. Kiangazi kilikuwa kimeingia na udongo umekaza, kwa hiyo kazi ilikwenda taratibu. Walichimba kwa zamu, wakipokezana kama wapagazi, na ukiweka sikio chini ulisikia wakiimba. Mbele walitoa udongo, nyuma waliurudisha, na katikati alikuwa Raymundi na jeneza lake, na juu yake kilima cha kaburi na msalaba wa mninga, vyote vinasogea pamoja, wima, bila kutikisika. Siku za udongo laini alikwenda hatua nzima. Akikuta jiwe alikaa mpaka walizungushe.

Waya wa Emilian haukumzuia. Alipita chini ya kufuli, na kufuli likabaki limefunga vizuri mahali pasipo kitu.

Ilalwe walimfuatilia kama wanavyofuatilia treni. Mtu akija dukani kwa Zamda kununua sabuni, aliuliza kwanza, "Raymundi kafika wapi?"

"Yuko kichuguuni, wanamzungusha."

"Bado tu?"

"Bado. Jana kuna mizizi walikuwa wanaikata."

Katekista Fikiri alipeleka habari parokiani. Padri aliuliza kama msalaba umesimama wima. Akaambiwa umesimama. Akasema basi, hakuna tatizo.

Tekla aliwapikia uji wa karanga asubuhi na kuwatukana jioni. Aliwaita vibarua wa bure, wavivu, wenye meno marefu kuliko akili. Wao wakamwambia mumewe ni mzito, bila shaka alikuwa akimlisha ugali wa watu wawili, ndiyo maana yeye kakonda. Alilala vizuri. Alinenepa kidogo. Zamda alimwambia uso umerudi.

Siku Raymundi alipofika kwenye minyaa, habari ilitapakaa kabla ya saa nne asubuhi, na watu wakaja kutazama. Emilian alikuwa amesharudi kutoka Kaliua. Kilima cha kaburi kilifika kwenye wigo, kikaanza kupenya kati ya mashina, lakini mkono wa msalaba ukanasa kwenye tawi. Watu wakasogea, wakasita. Emilian akavua koti. Akaingia kwenye minyaa, akayainua matawi kwa mikono yote miwili, utomvu unamdondokea, akayashikilia juu.

"Pole pole, kaka," akasema. "Inamisha kichwa. Haya, pita."

Raymundi akapita. Macho ya Emilian yalikuwa mekundu tena, na safari hii hakuna aliyejua sawasawa ni utomvu au siyo. Tekla alimletea maji ya kunawa. Baada ya kunawa, Emilian alirudi upande wake, akakunja ule waya, akaweka kufuli mfukoni. Pale kaburi lilipokuwa palibaki uwazi mzuri, udongo umegeuzwa kutoka chini kabisa, mwekundu, laini, haujawahi kulimwa. Alikanyagakanyaga hapo kwa kisigino, akaonekana anapima. Kisha akaenda kuleta jembe.

Raymundi alifika kwenye mpapai mwezi wa kumi, joto limeshika. Kindi walitoka wote, vumbi mpaka kwenye kope, wakapanga mstari. Zamda alileta soda, wengine wakaleta wanzuki, pombe ya asali, debe likapigwa, na watu wakacheza uani mpaka kuku wakahama banda. Mama wa Bukene alipanda treni kuja tu kwa ajili hiyo. Alisema ndio msiba mzuri kuliko yote aliyowahi kuhudhuria. Walipoondoka, Tekla aliweka kigoda chake kando ya kaburi, akakaa. Upepo ulikuwepo. Hapakuwa na mtu wa tatu.

Akaanza na paka wa Zamda, kwamba kazaa. Akasema habari za kuku. Kisha akasogeza kigoda karibu zaidi, akalitoa lile neno.

"Nilikukasirikia," akamwambia. "Umekwenda bila kunichekesha hata mara ya mwisho. Nilikukasirikia sana, na mdogo wako kasimama pale, ningelisemaje? Sasa nimelisema. Haya, tuendelee."

Akaendelea mpaka giza likaingia, na alipoinuka alikuwa na raha moyoni kama ya zamani.

Novemba ilipoanza, mvua za kwanza zilinyesha. Tarehe mbili ni siku ya marehemu wote, na Wakatoliki wa Ilalwe huwasha mishumaa makaburini. Tekla alikuwa uani akipanda, mbegu mbili kila shimo, aliposikia sauti kwenye minyaa. Wigo ule ulikuwa umeshamea, mnene, umefungamana, na hauna mlango. Nyuma yake lilionekana shamba la kichuguu lote limepigwa matuta, jekundu, limenyooka, karanga za Emilian zimeshapandwa hadi pale kaburi lilipokuwa.

Emilian alisimama ndani ya shamba hilo, mshumaa mkononi.

"Hodi, shemeji."

Tekla akanyoosha mgongo. Akajifuta mikono kwenye khanga. Hakuwa na haraka.

"Karibu, shemeji," akasema. "Wakati wowote. We piga hodi tu."

Ikabidi Emilian azunguke, katikati ya matuta, mpaka barabarani, mpaka kwa Zamda, mpaka mlango wa mbele, ambako alijikwaa kwenye kizingiti. Alipofika nyuma ya jiko, udongo mwekundu ulikuwa umemganda viatuni, mzito, mpaka anatembea kama bata. Tekla akamwokotea kijiti.

"Kwangua hapo hapo," akamwonyesha, kando ya karanga zake.

Emilian akainama akakwangua, kiatu kimoja, kisha cha pili. Mabonge mekundu yakaanguka uani. Kirangozi alikuwa amekaa juu ya kaburi, mkia kwenye mkono wa msalaba, anamtazama.

"Huyu akija kila siku," akamwambia Tekla, "shamba lako litarudi lote."

Wakacheka watatu, Emilian kuwashinda wote. Kisha akapiga magoti akawasha mshumaa, akamsalimia kaka yake, akakaa kidogo, akaaga. Tekla alichukua ufagio, akayakusanya yale mabonge ya udongo, akayaponda kwa mkono, akayatia kwenye shimo la karanga la kwanza kabisa, mbegu mbili, moja ya nyumba na moja ya mtani.